Tupeane uzoefu: Santi Cazorla alikukuta wapi, na alikufanya nini?

Mtutu wa Tandika
Wakuu, salaam. Kuna dogo kijiweni leo kanikata maini. Ødegaard anamjua, Rice anamjua, Cazorla, kiungo wetu wa zamani wa Arsenal, yule Mhispania, eti hamjui! Nimefungua uzi kabla hatujazeeka wote.

Yangu ni fainali ya Kombe la FA la England, sisi na Hull, Mei 17, 2014, saa moja usiku. Kibanda umiza kimejaa, watu wamekalia madirisha. Tumekaa tangu 2005 bila kombe, mnaijua ile miaka tisa ya kutaniwa. Hata dakika kumi hazijafika Hull wana mbili, na wale jamaa wa Man U waliolipa kiingilio ili tu watuone tunalia wameshaanza kuimba. Hull wakapiga tena kichwa, Gibbs akautoa mstarini. Ungeingia ule mimi ningeondoka. Dakika ya 17 faulo, mbali. Cazorla, kimo chake ni futi tano na nusu tu. Nyavuni! Koscielny akasawazisha, Ramsey akamaliza dakika za nyongeza, 3-2. Leo watu wanamsifu Ramsey. Bila ile faulo tungechapwa hata nne.

Bibi Ofusaidi
Nilikuwa kibanda cha nyuma yenu. Umeme ulikatika tukiwa 2-1. Sitaki hata kukumbuka.

Namba Sita
Mimi ni Man City kwao, Januari 2015, tukashinda 2-0. Penati kafunga yeye, faulo kamwekea Giroud kichwani. Tena siku hiyo anacheza chini na Coquelin, na kina Fernandinho wanamkimbiza kivuli.

Chuma cha Pua
Mchezaji mzuri, ila kwa Fàbregas hafiki. Tuseme ukweli.

Namba Sita
Fàbregas huyu aliyetuacha, akarudi London akavaa bluu ya Chelsea? Mkuu, umekosea uzi.

Chuma cha Pua
Nazungumzia mpira wewe unazungumzia nguo.

Mvita Boy
Nyie bara mwapenda kugombana. Mie nilichoshangaa ni miguu. Kona ya kulia yuapiga kwa mguu huu, ya kushoto kwa ule, na mpaka leo sijui mguu wake wa kuzaliwa nao ni upi.

Mama Wawili
Mimi si mtu wa mpira, Arsenal ni mume wangu. Naandika kwa sababu ya kifundo cha mguu cha huyo Cazorla.

Mume wangu aligongwa akiwa na bodaboda, mfupa ukatoka nje. Wakaunga, wakaweka chuma. Kidonda kikagoma. Juu kinakauka, ndani usaha. Hospitali tuliyokuwa tunakwenda, siitaji, vidonge ni vilevile, tunapewa tunarudi. Ikafika mahali harufu inakupokea mlangoni. Ndugu zake wakafanya kikao bila mimi, hawa wanasema karogwa, hawa wanasema mguu ukatwe, na mwenyewe kageukia ukutani hasemi na mtu.

Shemeji yangu mmoja akaja na simu. Akamwonyesha picha ya Cazorla, ngozi imetolewa mkononi ikapandikizwa kwenye kifundo, na ile tatuu ya jina la binti yake, India, nusu imebaki mkononi, nusu imehamia mguuni. Bakteria walikula sentimita nane za kano ya kisigino. Alishaambiwa akiweza kutembea bustanini na mwanawe ashukuru Mungu. Akaenda kwa daktari mwingine, Vitoria, kwao Hispania, akafunguliwa upya. Mume wangu akajiinua akakaa. Akasema, "Nipelekeni rufaa."

Tukauza kiwanja. Kumbe chuma ndicho kilikuwa kinalea usaha. Wakakitoa, wakaotesha usaha maabara mpaka wakajua dawa gani inaua wale wadudu. Mguu upo. Anachechemea, lakini Jumamosi anavaa jezi na rimoti haniachii.

Bibi Ofusaidi
Pole mama. Nimesoma nimesimamisha kazi.

Dalali Mstaafu
Pole sana. Kiwanja kilikuwa wapi na mliuza bei gani?

Asali Mbichi
Mngepaka asali ya nyuki wadogo mngeokoa kiwanja.

Kliniki ya Usiku
Asali haifiki kwenye mfupa. Kidonda kikikataa kufunga dai picha, dai kuotesha, pima na sukari.

Asali Mbichi
Babu yangu alipona kwa asali na mafuta ya nyoka.

Namba Sita
Babu yako alikuwa na chuma mguuni?

Mlinzi wa Doha
Nipo Qatar. Alikuja Al Sadd 2020, Xavi ndiye kocha. Nilikwenda kumtazama kwa sababu ya mguu tu, maana nilisoma hatacheza tena. Kumbe alisharudi zamani: Villarreal walimchukua 2018, Januari 2019 akawatia Madrid mbili, na timu ya taifa ikamwita tena. Majeraha yalimnyima Kombe la Dunia 2010, lakini Euro anazo mbili.

Mtutu wa Tandika
Na Oviedo mbona hamgusi? Klabu iliyomlea. 2012 ilikuwa inakufa, yeye na wachezaji wenzake Mata na Michu wakanunua hisa kuiokoa. 2023 akarudi kwa mshahara wa chini kabisa unaoruhusiwa, na asilimia 10 ya mauzo ya jezi zake iende kwa watoto wa akademi. Juni 2025, umri miaka 40, fainali ya kupanda daraja. Kwa Mirandés walilala 1-0, marudiano wakatanguliwa tena. Penati, Cazorla. Wakashinda 3-1 dakika za nyongeza, ligi kuu baada ya miaka 24.

Chuma cha Pua
Mshahara wa chini baada ya kula wa Arsenal na wa Qatar! Hata mimi ningejitolea.

Mvita Boy
Wewe hujajitolea hata bando la kututumia hiyo faulo.

Chuma cha Pua
Fàbregas bado.

Dalali Mstaafu
Mama Wawili, naulizia tu: aliyenunua kile kiwanja, hauzi?