Kikundi cha familia: Jumapili tunakwenda Jozani

Shangazi Zuhura: Assalaam alaykum nyote. Kwa kuwa Suleiman amefika kutoka Maskati pamoja na watoto, na skuli zimefungwa, nimeonelea Jumapili tutoke sote twende msitu wa Jozani. Ni mwendo wa kilomita 35 hivi kutoka mjini, lakini nikihesabu kwa vidole naona waliowahi kuingia ndani ya msitu ule katika ukoo wetu hawafiki watano. Sisi wengine tunaupita njiani tukienda kwenye harusi za Makunduchi, tunawaona wageni wanashuka garini na kamera zao, basi.

Bibi: Waalaykum salaam, wanangu. Ananiandikia Maryam. Mimi nimezaliwa Kitogani, nimekulia ubavuni mwa msitu huo huo, na kima wake nawajua kwa sababu walikuwa wakitumalizia maembe machanga kabla hayajatia hata kokwa. Leo niende nikalipe kiingilio kwa ajili ya kuwatazama wezi wangu?

Suleiman: Shikamoo Bibi. Kiingilio chako nitakitoa mimi, na wezi wako nitawataka wakuombe radhi wao wenyewe mbele yako. Watoto wangu wamezoea bustani za kule, ambako kila mti umepandwa na kumwagiliwa kwa mpira. Nataka waone mahali ambapo mti umejiotea wenyewe.

Maryam: Bibi anacheka, nadhani amekubali. Ami Suleiman, niruhusu nisahihishe jambo moja, kwani niliwapeleka wanafunzi wangu huko na tukaelezwa vizuri: si kila mti wa Jozani umejiotea. Sehemu ya mitondoo ile mikubwa ilipandwa na idara ya misitu katikati ya karne iliyopita, halafu msitu ukaichukua ukaifanya yake, ikachanganyika na michikichi na mikindu hata huwezi kutofautisha. Pale chini maji yako karibu sana na uso wa ardhi, kwa hiyo wakati wa masika njia hufurika, na ndiyo sababu miti hubaki kijani hata kaskazi inapokausha kila kitu. Tangu 2004 eneo lote, lenye kilomita za mraba 50 hivi, ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kwa hiyo tiketi moja inatupa msitu pamoja na mikoko ya kijiji cha Pete.

Ami Haji: Hapo kwenye mikoko ndipo ninapotaka tuelewane mapema, kwa sababu mara nyingi watu hupanga saa za chakula na saa za gari lakini hawapangi saa za maji. Jumapili mwezi mwandamo utakuwa 15, kwa hiyo ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Maji yatapwa karibu saa nne asubuhi, na yatajaa karibu saa kumi alasiri. Tungekwenda mwezi 8 au 22, wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, hesabu ingegeuka. Amueni mnataka kuona nini.

Shangazi Zuhura: Shemeji, si tunapita juu ya daraja la mbao? Maji yakijaa au yakipwa yanatuhusu nini?

Ami Haji: Yanatuhusu sana, shemeji yangu. Maji yakijaa utaona majani na kivuli chake majini. Ni pazuri kwa kupiga picha, sikatai. Yakipwa ndipo unapouona mti wenyewe ulivyosimama: mkoko umejikita kwa magoti yake kama mzee aliyeshikilia bakora kumi, na mchu, aina nyingine ya mikoko, umetoa mizizi inayochomoza kutoka kwenye tope, myembamba kama kalamu za risasi, ambayo ndiyo inayovutia hewa kwa sababu ndani ya tope lile pumzi hakuna. Mkisimama kimya kidogo mtaona kaa wanatoka mashimoni, dume mmoja ana gando moja kubwa kuliko kichwa chake, analipunga kama anaita teksi.

Suleiman: Basi mimi niko upande wa maji kupwa. Nyumba ya babu yetu Mtendeni dari yake ilikuwa ya boriti za mikoko, na baba alikuwa akituambia kwamba vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu upana wake umefuata urefu wa boriti. Hata kule Omani nyumba za zamani zina boriti zilizopakiwa majahazini kutoka pwani yetu. Watoto wameziona kule zikiwa zimekauka na kupakwa chokaa. Sasa wazione zikiwa na majani.

Maryam: Kwa hiyo mpango uwe hivi: tuondoke mjini saa moja, tufike kwa kima saa mbili wakiwa bado wanakula, maana jua likipanda wanajinyosha matawini na kulala, kisha saa nne tuwe kwenye mikoko. Naomba wazazi mnisaidie kwa mambo mawili. Kima punju hapewi chakula, hata ganda la ndizi. Mwenye mafua naye akae nyuma, kwa sababu maradhi yetu huwapata. Kima hawa kwa asili hawapo mahali pengine popote duniani isipokuwa kwetu Unguja.

Mtoto wa Suleiman: Shikamooni. Kwa nini wanaitwa punju?

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Punju ni sumu. Wazee walisema mbwa akimla kima yule hunyonyoka manyoya, na mti anaoukalia hufa. Mimi miembe yangu aliikalia miaka yote na haikufa, ila embe ndiyo sikula. Ukimwona karibu, mtazame mkono: ana vidole vinne virefu, dole gumba hana. Mgongo mwekundu, mabega meusi, na nywele nyeupe zimemzunguka uso kama bibi aliyetoka kulala bila kujitanda.

Shangazi Zuhura: Wallahi sasa Bibi ndiye atakayetutembeza. Chakula nitapika mimi na Mwanaidi: mkate wa kumimina, katlesi, na juisi ya ukwaju. Hatutafungua hata sahani moja ndani ya hifadhi. Tutakula Kitogani chini ya mwembe wa Mjomba, kama atatukubalia.

Mjomba wa Kitogani: Karibuni sana, mwembe ni wenu. Samaki nitachoma mwenyewe. Mwambieni dereva kwamba matuta ya pale barabarani yamewekwa kwa ajili ya kima, kwani magari yalikuwa yakiwaua sana, kwa hiyo asiyaruke.

Maryam: Mjomba, na makaa je? Tulipokuja na wanafunzi tulimwona kima mmoja, mama mwenye mtoto kifuani, ameshuka hadi kwenye jiko lililozimwa la jirani yako, akachagua kipande kama mtu anayechagua tende, akapanda nacho juu akakitafuna. Tulielezwa kwamba majani ya miembe na mikungu wanayokula yana vitu vinavyowasumbua tumboni, na makaa huvinasa.

Bibi: Mnaona? Miaka yote hiyo mama yangu alikuwa akinipiga mimi kwa makaa yaliyopotea.

Mjomba wa Kitogani: Pole dada. Gunia nitalifungia ndani tangu Jumamosi usiku, lakini jiko nitaliacha uani, nawe utawekewa kiti mbele yake.