Naomba ushauri: wazazi wote AS (wabebaji wa sikoseli), mtoto ana wiki 6, apimwe vipi?

Wadau, habari zenu. Swali langu ni la sikoseli, huku Kisumu. Wazazi wote wawili ni AS, kwa hiyo kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta SS, yaani mtoto mwenye ugonjwa wenyewe. Kila mimba, nasisitiza, maana wengi huhesabu kana kwamba ni zamu.

Kile kipimo cha haraka, cha kuchanganya damu na dawa na kuangalia kama mistari nyuma ya kichupa inasomeka, sikiamini kwa umri huu. Damu bado imejaa himoglobini F, ile ya tangu tumboni: jeni za gama zinazoitengeneza, kwenye kromosomu ya 11, hazijazimwa, na ya beta, inayotoa A ya kawaida au S ya sikoseli, ndiyo kwanza inashika kazi. S ikiwa kidogo, mistari inasomeka vizuri na mtoto anaitwa mzima. Na hata kikigundua S, hakitenganishi AS na SS.

Je, nichukue tone la kisigino kwenye karatasi, likauke, lipelekwe maabara kutenganisha himoglobini kwa umeme, au HPLC (mashine inayozitenganisha kwa kuzipitisha kwenye kimiminika) ndiyo bora? Likitoka FS (F na S tu, bila A), penisilini ya kukinga maambukizi ianze papo hapo au tusubiri kipimo cha pili? Hajaongezewa damu.