Vibao vya fremu zetu Mwanga: fonti yenye miguu au isiyo na miguu?

Mwanga_Juu: Wakuu, wenye fremu mtaani kwetu hapa Kigoma tumekubaliana vibao vifanane, sasa tumegawanyika kwenye fonti. Mi nataka Clarendon, ile nene yenye miguu (vile vijistari vya kwenye ncha za herufi), wenzangu wanasema ya kizee wanataka zilizonyooka kama za kwenye simu. Mnasemaje?

FundiPlota: Clarendon unaijua au umesikia? Ile ya Chicago ya 1922 inafaa biskuti, sio duka la mabati.

Mwanga_Juu: Hiyo Cooper Black bwana. Clarendon ni ya London, 1845, ya Robert Besley. Ilitumika sana kwenye kamusi kukoleza lile neno linaloelezwa lisimezwe na maelezo. Miguu yake minene na inaungana na nguzo, yaani mistari ya wima ya herufi, kwa mkunjo, haijakatwa kama kwa panga, halafu a na r zina kama tone la asali pale mwishoni. Nene lakini haina ukali, hata fleksi likipauka unasoma.

Nzengo_TBR: Nyie wa mwisho wa reli kila kitu kinawafikia kimechoka, fonti ya 1845 ndo mnaijadili leo hahaha

Bint_Ujiji: Mwisho kwa nani? Treni inaanzia kwetu, nyie Tabora mnapitiwa tu mmelala.

Nzengo_TBR: Reli kwetu 1912, nyie mkangoja mpaka 1914. Mjerumani alikaa kwanza akala maembe.

Bint_Ujiji: Alikaa akatafuta maji akakosa ndo akakimbilia ziwani. Na siku ukija usiniulize migebuka.

FundiPlota: Haya, fonti nilichanganya. Ila Clarendon ni pana, mkuu. Juzi mteja kaja na "Mama Zawadi Vifaa vya Ujenzi na Vinywaji Baridi", anataka mstari mmoja, eti nibane herufi. Ukibana kwa kompyuta nguzo zinakonda ila unene wa miguu uko palepale, herufi inakuwa kama mtoto kavaa viatu vya baba yake.

Mwanga_Juu: Si afupishe jina, nani anasoma yote hayo yuko juu ya bodaboda?

MamaZ: Nifupishe nini? Kwa hiyo vinywaji nisiuze? Kodi ya fremu nalipa mwenyewe.

Mwanga_Juu: Mama shikamoo, sikujua ni wewe.

MamaZ: Marahaba. Na hiyo miguu yenu siitaki tena.

Mzee_wa_Gati: Sisi tuliandikiwa kwa brashi, fundi anapiga mstari kwa chaki, herufi ina miguu kwa sababu brashi lazima itue mahali. Hakuna aliyepiga kura.

FundiPlota: Mzee na yule fundi L alikuwa anaandika R, usimsahau.

Nzengo_TBR: Bint, hiyo migebuka mikavu unaweza kunipakilia kwenye treni ya wiki hii?

Bint_Ujiji: Ya mwisho wa reli hiyo kaka, itakufikia imechoka.