Kundi la familia: Chakula cha Mama

Rehema: Shikamooni wakubwa. Mama karudi jana toka hospitali ya Bugando, mzunguko wa pili wa dripu za saratani. Nyama anasema chungu, samaki wetu mgebuka wa kukaanga hataki hata kuuona, uji anasema kama analamba msumari. Leo nampikia nini?

Shangazi Mwamvita: Marahaba mwanangu. Mdomoni ana vidonda?

Rehema: Hana, nimemmulika na tochi asubuhi. Ulimi tu ndio mweupe kidogo.

Dada Hawa: Huo weupe waonyeshe kliniki. Ukiwa ni fangasi nao unaharibu ladha, na una dawa yake. Kuhusu msumari: dawa za saratani hupiga seli zinazozaliana haraka, na vile vipele vya ulimi vinavyoonja vinajifanya upya kila siku kumi hivi, kwa hiyo vinapigwa pia. Ladha itapinda, itarudi, halafu dripu nyingine itaipinda tena. Alichokataa Jumatatu usikifute, mjaribishie tena baada ya wiki.

Dada Hawa: Kabla ya kula asukutue. Maji lita 1 yaliyochemka yakapoa, chumvi kijiko 1 cha chai, soda ya kuokea kijiko 1 cha chai. Anatema, hamezi. Kila siku yawe mapya.

Rehema: Soda ndiyo magadi?

Dada Hawa: Siyo!! Magadi ya kulainishia maharage usimpe. Nasema ile nyeupe laini ya maandazi, na siyo hamira wala beking pauda.

Shangazi Mwamvita: Sasa samaki. Kilichomshinda ni harufu ya mafuta ya moto, mgebuka wenyewe hauna kosa. Tuma mtu mwaloni Kibirizi alete wa leo leo. Mpasue, toa damu yote iliyoganda kwenye uti wa mgongo, osha, maana hiyo inaongeza ladha ya chuma. Pakaa ndimu 1, tangawizi ya kutwanga kijiko 1 cha chai, kitunguu saumu punje 2, chumvi kidogo. Dakika 15 zinatosha. Ukimwacha saa nzima ndimu inamla nyama, anakuwa kama uji.

Shangazi Mwamvita: Jani la mgomba lipitishe juu ya moto mpaka linyong'onyee (likiwa bichi litapasuka ukikunja). Mfunge humo, mweke juu ya vijiti ndani ya sufuria yenye maji vidole viwili, funika, dakika 25. Sufuria uifunulie nje uani. Ukiifunulia alipokaa, ule mvuke wa kwanza utakuwa umemshibisha.

Rehema: Nimempata shangazi. Nimpe wa moto?

Shangazi Mwamvita: Vuguvugu. Kikipoa harufu inapungua.

Mjomba Saidi: Juisi ya nanasi ya friji je? Ya baridi inakata ladha ya chuma kabisa.

Dada Hawa: Mjomba subiri. Rehema, soma kadi, dripu imeandikwa nini?

Rehema: Naona oksaliplatini na nyingine mbili.

Dada Hawa: Basi friji ni mwiko siku za baada ya dripu. Dawa hiyo inafanya baridi iume: koo linakaza kama linazibwa, vidole vinachomwa sindano. Juisi iwe ya joto la chumbani. Hata sufuria iliyolala nje asiishike asubuhi. Wagonjwa wa dawa nyingine baridi inawafaa sana, yeye hapana.

Mjomba Saidi: Sawa, nimekoma. Huku Tabora asali ipo, niwatumie dumu?

Dada Hawa: Kinga yake ikiwa chini asali mbichi aulizie kliniki kwanza. Kwa sasa sukari itafanya kazi ileile. Na dawa zozote za miti shamba msimpe kimyakimya.

Shangazi Mwamvita: Rehema usikoleze sufuria nzima, hapo ndipo wengi wanaharibu. Chota vijiko vitatu vya mchuzi kwenye kibakuli, urekebishe hapo hapo mbele yake. Akisema chuma: ndimu matone matano na sukari ncha ya kijiko. Chungu: sukari. Tamu mno: ndimu. Akisema ni kama anatafuna boksi: chumvi kidogo na ndimu, kama hana presha. Kijiko kiwe cha plastiki au cha mti.

Rehema: Na uji?

Shangazi Mwamvita: Unga wa ulezi vijiko 3 vya chakula, maji nusu lita. Ukishaiva tia karanga za kusaga vijiko 2, zichemke dakika tano. Ukwaju uliochujwa weka mwisho, umeshaepua. Maziwa usiweke humo, yatakatika vipandevipande. Karanga chagua moja moja, yenye ukungu au iliyosinyaa tupa.

Rehema: Yeye mwenyewe anataja sombe (kisamvu) ya mawese.

Dada Hawa: Mpe siku akiwa hana kichefuchefu. Akiila siku anatapika, mwili utaikumbuka pamoja na kutapika na ataichukia muda mrefu. Siku ya dripu mpe vitu asivyo na mapenzi navyo.

Dada Hawa: Kingine, kiporo kilichokaa nje zaidi ya saa mbili usimpe. Mayai yaive mpaka kiini kigumu. Joto likifika 38 ni hospitali, hata iwe usiku wa manane.

Rehema: Mgebuka umeshafika, naufunga.

Rehema: Kala kipande na nusu. Anasema chuma bado kipo kwa mbali, anataka ndimu zaidi.

Shangazi Mwamvita: Mkatie, na akamue mwenyewe.