Fundi ukinibadilishia koili nipe na zile za zamani, ni mali yangu

Wakuu, nina wiki mbili najizuia nisiandike hili nikiwa na hasira. Hasira haijaisha, basi naandika nayo.

Gari ni Raum ya 2008, injini 1NZ-FE, ile ile mnayoikuta kwenye IST na Ractis kibao hapa mjini. Ilianza kumisi, yaani silinda inaruka bila kuwaka. Kwenye tambarare unaweza usigundue kitu, ila ukitoka Ubungo kuipandisha Kimara, ukikanyaga mafuta inashtuka-shtuka kama mtu mwenye kwikwi, nguvu hakuna, na taa ya cheki injini inapepesa. Nikaipeleka kwa fundi ambaye amenitengenezea magari kwa miaka mitatu. Jina la gereji silitaji.

Fundi akafungua boneti, akawasha, akaanza kuchomoa soketi za koili (koili ndiyo inayoipa plagi umeme wa cheche) moja baada ya nyingine huku injini inaunguruma. Hata ya nne hakufika. "Bosi, koili zimekufa zote hizi. Ukibadili moja leo, kesho unarudi na nyingine." Nikamwambia apime kwa mashine. Akachomeka, akaangalia yeye mwenyewe, kioo amekigeuzia kifuani kwake, akachomoa. Kupima: elfu 30. Nikapewa kijana wa kunisindikiza Kariakoo, duka walilolichagua wao, koili nne mpya ndani ya boksi kwa 55,000 kila moja. Ufundi 40,000. Jumla 290,000, nimelipa pale pale.

Gari ikatulia. Nikauliza, za zamani ziko wapi? "Aah bosi, taka zile, tumeshatupa." Nikaenda kwenye pipa lao mwenyewe. Mna makopo ya oili, filta, vitambaa. Koili hata moja hamna. Hazijapita dakika arobaini tangu zitolewe kwenye gari yangu! Koili nne za Denso zilizokuja na gari toka Japani. Taka gani hiyo inayoondoka mbio namna hiyo?

Nikanyamaza. Nilikuwa na haraka, na gari ilikuwa inatembea.

Wiki ya sita ikaanza tena, kilima kile kile, kwikwi ile ile, taa inapepesa. Nikarudi. Safari hii fundi ananiambia mara mafuta ya kituo nilichojaza ni machafu, mara "bosi, masega yameziba, tuyatoe tu, gari itakuwa nyepesi." Masega ni kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Hapo ndipo nilipofunga boneti na kuondoka. Kila anayekaa karibu na gereji anajua masega yananunuliwa, kwa sababu ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Na kama masega yangu yameumia, aliyeyaumiza ni nani? Silinda isipowaka, petroli inatoka mbichi na kwenda kuungulia kwenye masega, yanapata moto kupita kiasi hadi yanayeyuka. Ile taa inapopepesa badala ya kuwaka tu, maana yake ndiyo hiyo: simama, masega yanaungua. Na mtu anakaa anachomoa koili moja moja injini ikiwaka, kila anayoichomoa petroli ya silinda hiyo inaweza kutoka mbichi, halafu anakuja kuniambia masega yameharibika.

Jumamosi nikaifungua mwenyewe uani. Jirani yangu ni mzee aliyeendesha malori miaka mingi, ana kimashine chake kidogo cha kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zinazotunzwa na kompyuta ya gari. Kodi ikatoka P0303. Mzee akasema, "Mwanangu, tarakimu ya mwisho ndiyo silinda. Tatu peke yake." Dakika moja, bure. Ile elfu 30 nililipia nini?

Nawaandikia tulivyofanya, ili mtu asije kuambiwa kazi hii ina siri. Injini ipoe kabisa, swichi imezimwa, tamino hasi ya betri nje. Toa kava la plastiki la juu. Koili ziko nne kwenye mstari, kila moja imekaa juu ya plagi yake na imeshikwa na bolti moja tu ya spana namba 10. Namba moja ni ile ya upande wa mikanda. Kwenye soketi ya waya pana kijilimi cha plastiki, unakibonyeza taratibu ndipo unavuta, kwa sababu kwa joto la miaka yote hiyo plastiki imekauka na inavunjika kama biskuti. Vyangu viwili nilivikuta vimeshavunjwa, soketi zimefungwa kwa vipande vya mpira wa tairi. Nilimlipa mtu 40,000 anifanyie hivyo. Koili yenyewe usiing'oe kwa nguvu, izungushe kidogo kushoto na kulia mpaka mpira uachie plagi, kisha ivute wima.

Namba moja ikatoka kavu, namba mbili kavu, namba nne kavu. Namba tatu ikatoka inachuruzika oili. Mpira wake umevimba na kulainika, ukiuminya kwa vidole haurudi. Nikamulika kwenye tundu kwa tochi ya simu: oili nyeusi imejaa hadi imefunika nusu ya plagi.

Hili ndilo linaloniumiza kuliko hela. Koili inachukua voti 12 za betri na kuzipandisha hadi 20,000 na zaidi ili cheche iruke kwenye plagi. Umeme wa namna hiyo hausubiri. Mpira ukishalainishwa na oili, umeme unautoboa kuelekea kwenye chuma na kuiacha plagi, hasa ukiwa unapanda mlima, maana mgandamizo ndani ya silinda ni mkubwa na cheche inapata shida kuruka. Ndiyo kwikwi ya Kimara hiyo. Oili nayo inatoka wapi? Chini ya kava la tapeti, kifuniko cha juu ya injini, mna mipira ya kuzuia oili isiingie kwenye matundu ya plagi. Inakauka na kukakamaa. Wa tatu ulikuwa umekwisha. Sasa niambieni, mtu aliyenyofoa koili nne kwa mikono yake, akaziona tatu kavu na moja inachuruzika, alishindwaje kuona? Hakushindwa. Aliona, akapachika koili mpya juu ya oili ile ile, akachukua zangu tatu nzima.

Tukataka uhakika. Koili ya namba tatu tukaifuta, tukaihamishia namba moja, ya namba moja tukaileta tatu, tukafuta kodi na kuwasha. Baada ya kuzunguka mtaa kodi ikawa P0301. Tatizo limeihama silinda na kuifuata koili. Kipimo chote ni hicho, hakihitaji mita wala mashine ya mamilioni. Na anayekuja na mita kupima omu (ukinzani wa umeme) kwenye koili hizi za pini nne asikudanganye, ndani yake mna saketi ya kielektroniki inayowasha na kuzima umeme, kwa hiyo namba anayokusomea haikwambii kama koili ni nzima.

Nikaenda kuzitazama hizo "mpya". Juu pameandikwa 90919-02240, namba sahihi kabisa ya injini hii, na jina kubwa la kampuni. Nikachovya kitambaa kwenye petroli, nikapitisha mara moja. Maandishi yote yakabaki kwenye kitambaa.

Nikarudi dukani Kariakoo na koili mkononi na kitambaa. Muuzaji hata hakuinuka. Alinyoosha kidole kwenye karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia hii si mali, hii ni feki. Akaniomba risiti. Nilichokuwa nacho ni kikaratasi cha mkono alichopewa yule kijana wa fundi, hakina jina la duka. Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia, na Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963, lakini unakwenda kulalamika dhidi ya nani kama karatasi haina jina? Tunaimbiwa kila siku ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Niliidai, kijana akanijibu "ya mashine inaongeza bei bosi", nikakubali. Msikubali.

Plagi nazo nilizitoa. Ni iridiamu, ncha yake nyembamba kama sindano, na zote nne zimepigwa msasa. Msasa kwenye iridiamu! Nimeweka mpya, zile ambazo namba yao inaishia na 11, yaani uwazi wake ni milimita 1.1, nikazianza kwa vidole mpaka zikakaa, maana kichwa cha injini ni aluminiamu na uzi ukiharibika pale ni kilio kingine. Koili nimepata moja iliyotumika ya Japani kwa 35,000, duka lingine, muuzaji ameniruhusu niifunge na kuijaribu pale pale kabla ya kulipa, na risiti ya mashine kanipa bila kuombwa. Mipira ya kava la tapeti amebadilisha fundi mwingine, nimesimama naye mwanzo mpaka mwisho, na vya zamani vyote kaniwekea kwenye mfuko bila kuambiwa. Siku ya nane leo, Kimara napanda na abiria watano, haishtuki.

NYONGEZA: Mnaoniuliza kwa nini nisimalizane naye kimyakimya, nilikwenda Jumatatu. Nimempa mkono, nikampa koili feki, nikamwambia, "Fundi, hela sikudai. Nipe koili zangu tatu nzima." Akaangalia chini. Akasema nimpe mpaka Ijumaa "azitafute". Zile alizoniambia zimetupwa taka, sasa anazitafuta. Wenye gereji mliomo humu, na najua mpo, nijibuni hili moja: spea ya mteja ikitoka kwenye gari yake, inakuwa yenu kuanzia dakika gani?

NYONGEZA YA PILI: Ijumaa imepita, simu haipokelewi. Kesho asubuhi nakwenda tena na yule mzee.