Tumbili wa maabara anajing'oa manyoya: nianzie wapi kuboresha mazingira yake?

Mhudumu wa Mbagala:

Habari za kazi, ndugu wanajukwaa. Ninahudumia wanyama katika maabara moja ya utafiti hapa Dar es Salaam, na miongoni mwao wamo tumbili wachache, kila mmoja katika kizimba chake. Jike mmoja amejing'oa manyoya ya mkono hadi ngozi ya kigasha imebaki wazi, na dume wa kizimba cha jirani huzunguka njia ile ile tangu taa zinapowashwa hadi chakula kinapoletwa. Niliwawekea mipira ya plastiki, wakaichezea kidogo, kisha wakaiacha sakafuni. Mtafiti mkuu anahofia kwamba kuongeza vitu vizimbani kutavuruga matokeo yake, na fedha za kuagiza vifaa hatuna. Naomba ushauri: nianzie wapi, na hofu yake niijibuje?

Daktari wa Mifugo, Temeke:

Pole na kazi, ndugu yangu. Kwanza jike huyo akaguliwe kama ana vimelea, ugonjwa wa ngozi au maumivu, maana si kila anayejing'oa manyoya ana msongo. Ngozi ikionekana haina ugonjwa, basi unachokieleza ni tabia ya mnyama aliyekosa shughuli. Tumbili wa porini hutumia sehemu kubwa ya mchana akichuma, akipekua majani, akibandua magome na kuwinda panzi. Kizimbani analetewa chakula cha vidonge, anakimaliza mara moja, na saa zote zinazobaki hana la kufanya. Mpira hauliwi wala haubadiliki, ndiyo maana wameuchoka.

Kwa hiyo, badala ya kuongeza vitu vya kuchezea, badilisha namna wanavyokipata chakula chao kile kile. Chukua kipande cha bomba la maji la plastiki, kizibe ncha zote mbili, kitoboe matundu ya kupitisha kidole kimoja, kisha ukifunge kwa nje ya wavu ili vidonge vitoke kwa kuchokolewa. Sinia la maranda safi lililonyunyiziwa mtama na alizeti nalo huwashughulisha sana, kwa kuwa kupekua ndiyo kazi waliyozaliwa nayo. Vifuu vya kufichia chakula utavipata kwa wauza nazi sokoni bila gharama ya maana, vichemshe kwanza. Karanga na mahindi vikague kwa makini, kwani unyevu wa pwani hukuza kuvu, na sumukuvu ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Usiweke kamba ndefu inayoweza kufanya kitanzi.

Mtafiti Mstaafu, Kinondoni:

Ninakubaliana na Daktari kuhusu chakula, lakini mimi ningeanza na mwenzi. Hakuna bomba wala kifuu kinachoweza kuchambua manyoya ya tumbili mwenzake. Majaribio ya mwanasaikolojia Harry Harlow kule Wisconsin, Marekani, yalionyesha wazi jinsi watoto wa kima wa Asia aina ya rhesus waliotengwa walivyoharibika kitabia, na kwa kweli ni masikitiko makubwa kwamba funzo hilo lilipatikana kwa gharama hiyo. Sheria ya Marekani ilirekebishwa mwaka 1985 ili maabara zizingatie ustawi wa kisaikolojia wa wanyama hawa, na kanuni za mwaka 1991 zikataka mahitaji yao ya kuishi na wenzao yashughulikiwe. Nasi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008.

Kwa mtafiti wako, mweleze kwamba mnyama mwenye msongo wa kudumu hubadilika homoni, mapigo ya moyo na kinga ya mwili, kwa hiyo vipimo anavyovitegemea tayari vimebeba msongo huo. Kinachovuruga matokeo ni kubadilisha mambo katikati ya utafiti, au kumpa mnyama mmoja na kumnyima mwingine. Utaratibu uandikwe kwenye mpango wa utafiti, uwe sawa kwa wote, na uanze kabla ya vipimo vya kwanza.

Mhudumu wa Mbagala:

Ahsanteni sana, wakubwa zangu. Ninaye jike mwingine, na utafiti wetu hauhusu maambukizi. Je, nianze kuwaunganisha hao wawili? Na wakishazoeana, nitamtoaje mmoja kwa ajili ya kumchukua damu bila vurugu?

Mtafiti Mstaafu, Kinondoni:

Wawili wa kike ni chaguo zuri, kwa sababu porini majike hubaki katika kundi walimozaliwa, ilhali madume huhama wanapokomaa. Daktari wenu na mtafiti wakiridhia, wakae kwanza wakitenganishwa na wavu, uone kama wanachambuana au wanatishiana. Siku ya kuondoa wavu uwepo mwenyewe, na chakula kiwe sehemu mbili ili mwenye nguvu asimnyime mwenzake. Kuhusu damu, mfundishe kila mmoja kusogea mwenyewe na kutoa mguu kwa malipo ya kipande cha tunda: mpe kwanza kwa kukaribia tu, kisha kwa kukubali kuguswa, na sindano ije mwisho kabisa. Akikataa, rudi hatua moja nyuma bila kumlazimisha. Vaa barakoa na glavu kila mara, maana kifua kikuu huwapata kutoka kwetu.