Wauzaji wa plaizi za kukunja Kigoma mnatuuzia feki kwa bei ya halisi, mtu akiumia mnamwonyesha "mali ikishauzwa hairudishwi"

Wakuu, habari za jioni.

Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa simu feki. Simu feki inakula hela yako, hii ninayoileta hapa inakata watu vidole.

Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Kibirizi, Ziwa Tanganyika. Boti za abiria za kwenda Mtanga, Mwamgongo mpaka Kagunga zikizima njiani hakuna gereji ya kuzisukumia, kwa hiyo safari nyingi napanda nazo. Sanduku la spana halipandi kila siku, lina uzito wake na boti tayari imejaa watu, magunia na kreti za soda. Nabeba plagi za akiba, spana ya plagi, kipande cha mpira wa mafuta, na kiunoni plaizi ya kukunja, ile yenye visu, tupa na bisibisi zilizojificha kwenye mikono yake. Kila fundi wa ziwani anaijua thamani yake.

Kiangazi hiki nikaenda kununua mpya. Duka la mjini, lina vioo mbele na mashine ya risiti, siyo mtu wa kutandaza turubai chini. Sh 150,000, taslimu. Boksi lina jina la kampuni kubwa ya nje, limeandikwa vifaa 21 kwa kimoja, chuma kisichoshika kutu, visu vina loki, dhamana miaka 25. Muuzaji akaniambia kwa mdomo wake: "Fundi, hii ndiyo yenyewe. Zile za elfu ishirini pale ndiyo feki, hizo waachie wanafunzi." Hayo maneno yameniuma kuliko hiyo laki na nusu.

Safari moja nikiwa nayo, tumeshapita Mtanga, upepo wa kusini umeanza kuamka, propela ikazoa kipande cha wavu uliotupwa. Injini ikazima. Kazi yenyewe haina ugumu: unainua injini, unakata wavu unaoonekana, unanyoosha miguu ya ile pini inayozuia nati ya propela, unaichomoa, unafungua nati, unatoa propela na kusafisha nyuzi zilizojiviringisha nyuma yake kwenye shafti. Hizo za nyuma ukiziacha zinakula sili, maji yanaingia kwenye oili ya gia, na hapo gharama inakuwa nyingine kabisa.

Kijana wangu wa kazi ndiye aliyekuwa na kisu cha hiyo plaizi mpya. Alikuwa anakata kwa kuvuta, kinakwenda. Akaingiza ncha chini ya uzi uliokaza akasukuma kidogo tu, loki ikaachia, kisu kikajikunja juu ya vidole vyake. Nilikuja kuiangalia baadaye ile loki. Ni kibati chembamba kinachotakiwa kuja katikati na kukaa nyuma ya kisigino cha kisu, yaani ule mwisho wake unaoingia kwenye mkono wa plaizi, ili kisirudi. Chenyewe kilikuwa kinagusa ukingo tu, tena mahali palipopigwa tupa vibaya pakabaki na mteremko. Yaani kisu kilikuwa kimesimama kwa bahati.

Abiria wanapiga kelele, damu imetapakaa, mama mmoja akachana kanga yake tukamfunga kijana. Nikachukua plaizi mwenyewe. Nikaishika pini, nikabana, mataya yakapishana, moja likaenda kulia na jingine kushoto, pini ikabaki palepale. Nikabana tena, ribiti ya katikati ikakatika na taya likadondoka ziwani. Tumeelea mpaka boti iliyokuwa inarudi kutoka Mwamgongo ilipotukuta ikatuvuta. Kijana ameshonwa vidole viwili, na hadi naandika hapa kimoja bado hakikunji vizuri. Ni fundi kijana, mikono ndiyo shamba lake.

Nikarudi dukani na risiti. Unajua nilichojibiwa? "Umeitumia vibaya, hizi ni za kazi ndogondogo za nyumbani." Jamani! Siku ya kuuza ilikuwa ya mafundi, siku ya kurudisha imekuwa ya nyumbani. Nikamwonyesha maandishi ya dhamana kwenye boksi, akasema hiyo dhamana ni ya huko Ulaya. Kisha akanyoosha kidole ukutani palipoandikwa mali ikishauzwa hairudishwi, akaendelea kuhudumia mtu mwingine. Pole ya kijana hakutoa.

Wauzaji nawaambia hivi: hayo maandishi ya ukutani hayawafichi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na hayo maelezo. Umeniambia ina loki, loki haishiki. Umeniambia ni ya kampuni fulani, siyo yake. Na kuhusu kubandika jina la mtu kwenye bidhaa bandia, kuna Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo wenye kazi ya kukamata huo mzigo. Nimehifadhi risiti, boksi na hicho kipande kilichobaki, na malalamiko yangu nawapelekea kwa maandishi. Wengine mliopigwa msitupe risiti zenu.

Ila nisilaumu duka moja tu, tatizo ni biashara nzima inavyouzwa. Ingia duka lolote uulize plaizi ya kukunja, utasomewa idadi. Hii 15 kwa moja, hii 21 kwa moja, hii ina dira, hii ina filimbi. Idadi ya nini? Wanahesabu kifungua chupa, kifungua kopo, rula iliyochorwa pembeni na tundu la kupitishia kamba! Hakuna anayekwambia ribiti ni nene kiasi gani, na hakuna anayekuonyesha loki inakaa wapi.

Hiki kifaa kilizaliwa kwa sababu ya plaizi. Mmarekani Tim Leatherman mwaka 1975 alikuwa anazunguka Ulaya na mkewe kwa gari kuukuu la Fiat, linamsumbua kila mara. Kisu cha mfukoni alikuwa nacho, kilichokosekana kila akisimama kutengeneza ni plaizi. Alihangaika na hilo wazo miaka mingi, ya kwanza ikaingia sokoni 1983. Hiyo ya kwanza haikuwa na loki kwenye kisu, na hakuna aliyedanganywa kwamba inayo. Baadaye ndiyo zikaja za loki, kama Wave ya 1998 ambayo kisu unakifungua kwa mkono mmoja bila kukunjua plaizi. Vivyo hivyo Victorinox wa Uswisi, ambao visu vyao viliingia jeshini 1891: vile vyao vya mfukoni vya milimita 91 kisu kinashikwa na springi tu. Fundi akijua ni springi, anakata kwa kuvuta na hasukumi ncha. Hatari inakuja pale unapoambiwa kuna loki ukaiamini.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Ujiji, wa Kasulu, wa Tabora, ukienda dukani usisome boksi. Muhuri wa kampuni na namba zilizogongwa kwenye chuma usivitegemee, wanaiga vyote, hata maandishi madogo. Wasichoweza kuiga kwa bei rahisi ni chuma na namna vipande vilivyokutana.

Ifunge plaizi uielekeze kwenye mwanga. Ncha za mataya zinatakiwa zikutane kwanza, ukibana ndiyo sehemu ya nyuma ifuate. Ukiona mwanga kwenye ncha, hiyo haishiki pini wala waya mwembamba. Kisha shika taya moja ulitikise kulia na kushoto. Likicheza dukani likiwa jipya, ziwani litapishana. Omba kipande cha waya ukate hapohapo, halafu angalia makali: yakiwa yamebonyea, chuma ni laini kuliko waya. Muuzaji akikataa usikate waya, mwachie plaizi yake, kwa sababu kukata waya ndiyo kazi yake.

Loki ndiyo ichunguzeni kwa moyo wote. Fungua kisu, chungulia ndani ya mkono uone kibati cha loki kimekaa wapi nyuma ya kisigino cha kisu. Kinatakiwa kikae sawasawa, chote kwa upana wake. Kisha weka mgongo wa kisu juu ya meza ya mbao, vidole vyako viwe mbali kabisa na njia ya makali, ukandamize taratibu. Loki nzima haisogei. Mbovu utaiona inatambaa kurudi pembeni. Fanya hivyo mara kadhaa, maana mbovu nyingine mara ya kwanza inakubali. Angalia pia bisibisi, ncha yake iwe na kona kali za mraba. Ikiwa imeviringwa kwa mashine ya kusagia, itakula vichwa vya skrubu za kabureta siku ya kwanza tu.

Uzito nao una maana, hasa kwa mtu wa kuvaa kutwa. Kwa zile za kampuni ya Leatherman, Wave+ ina gramu 241, Skeletool 142, Surge 355. Bodaboda au fundi umeme wa nyumba inamtosha nyepesi ya kubana mfukoni kwa klipu. Sisi wa injini tunataka mdomo mkubwa, tunavumilia uzito. Iliyo nzito ukiiweka mfuko wa suruali utaona inavyokuburuta, ivae mkandani kwenye ala. Ala ya ngozi ikilowa maji ya ziwa inakaa na unyevu siku nzima, na kutu inaanzia kwenye ribiti usikoona, ndiyo maana mimi navaa ya turubai. Ukiwa majini pitisha kamba kwenye tundu lake uifunge kiunoni. Tanganyika ina kina kinachofika mita 1,470, kikidondoka umeaga. Na ukishashika samaki nayo, isuuze, ikaushe, tone la mafuta kwenye ribiti. "Chuma kisichoshika kutu" kinashika, kinachelewa tu.

Kuna na hili la askari wa mageti, nalo linaudhi. Fundi anaingia ofisini kutengeneza jenereta, anavuliwa plaizi getini na kuulizwa kisu cha nini kama kibaka, wakati mwenye ofisi ndiye aliyempigia simu. Kwenye ndege naelewa, inaingia kwenye mzigo wa chini na hakuna ubishi. Lakini fundi aliyeitwa kazini?

NYONGEZA (baada ya kusoma maoni yenu):

Mkuu uliyesema "za Kichina zote ni takataka, nunueni za Marekani", hapana. Kuna kampuni za Kichina kama Ganzo na NexTool zinatengeneza plaizi za kukunja kwa majina yao wenyewe, na bei zake mtu wa kawaida anazifikia. Kwenye boti za hapa kuna watu wanazo na zinapiga kazi. Ninachokipinga ni mtu kubandika jina la mwingine kwenye chuma laini na kukuuzia laki na nusu. Angeniambia ni ya elfu ishirini ya kufungulia soda, nisingempa kijana akakatie wavu.

Mkuu wa Urambo uliyeandika kwamba unayo ya elfu kumi na tano na inakutosha kwenye mizinga ya nyuki, sikatai. Kukata kamba na kunyoosha waya wa kutundikia mzinga, hiyo inatosha. Ila ukiwa juu ya mti una mkono mmoja tu wa kufanyia kazi, kwa hiyo nenda kaiangalie loki leo kabla ya kupanda tena.

Dada uliyeuliza kuhusu kijana: anaendelea, anafanya mazoezi ya kukunja kidole kama alivyoelekezwa. Asante kwa kuuliza, umekuwa wa kwanza.

Na wewe uliyenitumia ujumbe pembeni kwamba nifute uzi turudishiane hela kimyakimya: uzi haufutwi. Rudisha hela, lipia matibabu ya kijana, na zile nyingine za boksi hilohilo zilizobaki kwenye kabati la kioo zitoe, maana jana nimepita nikaziona bado zipo.

Mwenye kujua duka la Kigoma au Tabora linalomruhusu mteja akate waya na kupima loki kabla hajalipa, aliweke hapa pamoja na mtaa wake. Kuna mafundi wengi Kibirizi wanasubiri.